Karatasi ya Bei ya Gereji: Uliza Kwanza Imepimwaje

Wasomaji wa Njoro, Kiboswa, Kakamega, Bungoma, Mumias na Kericho wametuletea karatasi za bei walizoandikiwa na gereji, wakiuliza kama wanatozwa haki. Spea hupanda na kushuka bei, na duka la Nakuru haliuzi sawa na la Kisumu, kwa hivyo hatutamwambia mtu kwamba shoki moja ni shilingi kadhaa na akiitishwa zaidi ameibiwa. Tutaisoma karatasi mstari kwa mstari: nini kimepimwa, spea ipi inahitajika kweli, kazi ni ya saa ngapi, na wapi pesa zimehesabiwa mara mbili.

SWALI: Nina Fielder ya mwaka 2010, injini ya 1.5, limetembea kilomita 168,000. Likipita kwenye matuta linagonga mbele upande wa kushoto, na breki zinalia asubuhi. Gereji moja mjini Nakuru imeniandikia: shoki nne 30,000, linki za stebilaiza mbili 3,000, bushi nne za mikono ya mbele 4,800, bolijointi mbili 5,000, pedi za breki za mbele 3,500, diski mbili 11,000, ufundi 14,000, vitu vidogo vidogo 2,500. Jumla 73,800. Fundi aliliendesha kidogo tu uwanjani. Je, ni haki? – Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, hesabu imejumlishwa sawa, lakini ulipeleka gari linalogonga upande mmoja ukaandikiwa miguu yote minne ya gari. Hakuna fundi anayeweza kuendesha gari uwanjani akajua kwamba bushi nne, bolijointi mbili na shoki nne zimekufa kwa pamoja. Aliyeandika karatasi hii ameandika kila kitu kinachoweza kugonga, akitumaini kimojawapo ndicho.

Rudi uombe gari liinuliwe mbele, matairi yote mawili yaning'inie, likae juu ya stendi na si jeki peke yake, nawe ukiwa umesimama hapo. Vipimo vyote havimalizi nusu saa.

Anza na linki za stebilaiza, vile vifimbo vinavyounganisha nondo ya stebilaiza na shoki, kwa sababu kwenye gari hili ndizo hulegea mapema. Mlio wake ni mwepesi, ko-ko-ko, unapopita mashimo madogo kwa mwendo wa polepole. Matairi yote mawili yakining'inia, linki haina mzigo. Ishike kwa mkono uitikise. Linki nzima ni ngumu kusogeza. Iliyokufa hucheza na unasikia ikigonga vidoleni.

Kisha shika tairi juu na chini, ulivute na kulisukuma. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na urudie. Mchezo ukiisha, shida ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi, kiungo kinachoshika gurudumu na mkono wa chini. Shika tena kushoto na kulia: mchezo wa hapo ni wa taii rodi au rakendi, viungo vya usukani ambavyo havimo kwenye karatasi yako kabisa. Kwa bushi, fundi aingize mtaimbo mdogo kati ya mkono wa chini na fremu, aunyanyue taratibu huku unaangalia mpira. Nyufa za juu juu ni uzee wa kawaida. Mpira uliochanika hadi chuma kinaachana na chuma ndio wa kubadilishwa.

Shoki huangaliwa mwilini. Ikiwa oili imetiririka na vumbi limegandia likawa tope jeusi, imekwisha. Unyevu mdogo karibu na sili ya juu si kuvuja, na mafundi wengi hulipisha watu kwa unyevu huo. Shoki hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja ili gari lisiyumbe, lakini hakuna sababu ya zile za nyuma kubadilishwa kwa kuwa za mbele zimekufa. Gari lako linagonga mbele kushoto. Shoki za nyuma zinafanya nini kwenye karatasi hii?

Breki: asubuhi za Njoro zina baridi na umande, na diski hushika kutu nyepesi usiku. Kilio kinachokwisha baada ya kukanyaga breki mara tano au sita hakihitaji hata shilingi. Kinachoendelea siku nzima, chembamba na kikali, huenda ni ulimi wa chuma ulio kwenye pedi, uliowekwa makusudi uguse diski pedi ikiisha. Vua tairi upime: pedi mpya huwa na kati ya milimita 10 na 12 za kitambaa (sehemu inayosugua diski), na zikibaki 3 ni wakati wa kuzitoa. Diski ina unene wa mwisho uliopigwa chapa juu yake, pembeni ya neno MIN. Soma namba hiyo mwenyewe, kisha fundi apime kwa vernia mahali pedi inapopita, asipime kwenye ukingo uliochomoza pembeni, kwa sababu ukingo huo haujawahi kuguswa na pedi na bado ni mnene. Kama diski ina unene wa kutosha na usukani hautetemeki ukikanyaga breki, 11,000 zako zibaki mfukoni.

Sasa ufundi. Kutoa shoki ya mbele kwenye Fielder hii unafungua nati tatu za juu, bolti mbili kubwa za chini, kibano cha paipu ya breki, na nati ya linki ya stebilaiza. Maana yake ni kwamba kama shoki inatolewa, linki tayari imeshafunguliwa upande mmoja. Ukitozwa ufundi wa shoki na ufundi kamili wa linki, umelipia nati moja mara mbili. Pedi na diski ni vivyo hivyo: kaliba, ile inayobana pedi, ikishatoka, diski imebakisha bolti mbili za kishikio chake.

Orodha nzima uliyoandikiwa ni kazi ya saa nane hivi kwa fundi mmoja na msaidizi. Vipimo vikionyesha kwamba ni linki mbili na pedi tu, kazi inakuwa ya saa moja na nusu, na spea kwa bei zao wenyewe ni 6,500. Hapo ufundi hauwezi kubaki 14,000. Waambie watenganishe ufundi wa kila kitu kwenye mstari wake. Na "vitu vidogo vidogo" vitajwe majina: grisi, dawa ya kuosha breki, pini. Kama havina majina, havina bei.

Kuna kitu kimoja kimekosekana, nacho kinatutia wasiwasi kuliko vilivyoongezwa. Hakuna alaimenti. Ukifungua shoki ya mbele, mkono wa chini au taii rodi, pembe za matairi hubadilika, na gari lisipopimwa upya linakula matairi upande mmoja ndani ya miezi michache. Aliyeandika kazi yote hii bila alaimenti atakuongezea siku ya mwisho, au atakurudishia gari linalovuta kando.

SWALI: Naendesha Probox ya injini ya 1NZ kati ya Kisumu na Kakamega. Nikianza kupanda kutoka Kiboswa kwenda Majengo, mshale wa joto unapanda. Nikifika Chavakali unashuka. Fundi amesema hedi gasketi imeungua. Bei yake: hedi gasketi 6,000, kuskimu hedi 3,500, rejeta mpya 9,500, pampu ya maji 5,000, oili lita 5 na filta 6,500, ufundi 18,000. Jumla 48,500. Amesema pia ataondoa thermostati bila malipo ili injini "ipumue". – Dereva, Kiboswa

JIBU: Ndugu dereva, usilipe hata senti mpaka mtu akuonyeshe ushahidi kwamba gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Uliyoyaeleza yanaweza kutoka kwa kifaa cha mia chache.

Kwanza ni lini joto linapanda. Likipanda ukiwa umekwama kwenye foleni Kondele na kushuka gari likienda, shaka ni feni, kwa sababu mwendo ndio unaoleta hewa ambayo feni imeshindwa kuleta. Likipanda mlimani kwenye mzigo na kushuka barabara ikiwa tambarare, kama lako, shaka ni mzunguko wa maji: kifuniko cha rejeta, thermostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto), rejeta iliyoziba ndani au nje, pampu, au maji yamepungua. Gasketi imo kwenye orodha, ila haimo mwanzoni.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa sana. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi hapo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukifika milima ya Maragoli huchemka mapema zaidi. Kifuniko ndicho hubana maji kwa shinikizo hadi yaweze kuvumilia nyuzi 110 na zaidi bila kuchemka. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, maji huchemka ndani ya injini ambayo haina ugonjwa wowote. Gereji yenye pampu ya kupimia shinikizo hukipima kwa dakika moja. Namba iliyoandikwa juu yake, kwa mfano 1.1, ndiyo shinikizo linalopaswa kushikiliwa. Usikifungue injini ikiwa moto. Maji yatakuunguza uso.

Angalia pia kati ya rejeta na kondensa ya eisi (kiyoyozi). Wadudu, vumbi na tope hujaa katikati ambapo jicho halifiki, na rejeta iliyozibwa nje haihitaji kubadilishwa bali kuoshwa, maji yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa nguvu ndogo ili mapezi yasilale.

Thermostati hupimwa jikoni. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa moto. Ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ifikapo 95 iwe imefunguka milimita 8 na zaidi. Ikikaa imefungwa au ikifunguka nusu, umempata mkosaji. Lakini usikubali iondolewe kabisa. Bila thermostati injini huchelewa kufikia joto lake na kunywa mafuta mengi, oili huchakaa haraka, na kwenye injini nyingi maji hukimbia njia ya mkato badala ya kupita yote kwenye rejeta. Fundi anayeitupa ameficha ugonjwa.

Hivi ndivyo gasketi inavyothibitishwa. Injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, jaza rejeta hadi mdomoni, acha kifuniko wazi, washa gari. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imebaki. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaingia majini. Kuna pia dawa ya rangi ya buluu inayowekwa kwenye chupa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, gesi ya moshi imo. Toa plagi zote nne uzipange mezani kwa mfuatano wake: iliyosafishwa ikang'aa huku wenzake wana rangi ya kahawia imekuwa ikioshwa na maji. Halafu mgandamizo wa silinda upimwe. Huku kwetu juu namba huwa chini kidogo kuliko zilizo vitabuni kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hivyo tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikipita psi 15 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo), kuna tatizo, na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yake. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee si ushahidi. Safari fupi za asubuhi huuleta pia. Oili yote ikiwa kama chai ya maziwa kwenye kijiti, hapo amini.

Tuseme imethibitika. Karatasi yako bado ina mapengo. Kwenye 1NZ huwezi kutoa hedi bila kufungua jalada la mbele la mnyororo wa taimingi, kwa hivyo inahitajika seti ya gasketi na gundi ya jalada, si hedi gasketi peke yake. Bolti kumi za hedi huvutika zinapokazwa. Zipimwe urefu na zilizorefuka zibadilishwe. Hedi ipelekwe kupimwa nyufa kwa shinikizo kabla ya kuskimiwa, maana kuskimu hedi yenye ufa ni pesa iliyotupwa. Kuskimu kwenyewe kuna sababu yake: rula ya chuma huwekwa juu ya uso wa hedi na kipimo chembamba kupitishwa chini yake, na upindaji ukizidi milimita 0.05 ndipo isawazishwe. Omba uonyeshwe kipimo hicho. Lazima pia kuwe na kulanti, dawa ya maji ya rejeta. Maji matupu ya kisima huacha chumvi ndani ya rejeta na kukurudisha hapo hapo.

Oili: 1NZ huchukua lita 3.7 ikiwa na filta mpya. Umetozwa lita 5, basi lita moja na zaidi inayobaki ni yako, uondoke nayo.

Ufundi wa kazi hii ni wa saa kumi hadi kumi na mbili, bila kuhesabu muda hedi ikiwa kwenye mashine. Siku mbili ni za kweli. Anayekuahidi gari jioni ya siku hiyo hiyo ataruka kitu, na kinachorukwa zaidi ni ukazaji. Bolti hukazwa kwa mfuatano kutoka katikati kwenda nje, kwanza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwenye Nm 29, kisha kila moja izungushwe nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha nyuzi 90 tena. Muulize fundi wako namba hizo kabla hajaanza. Akisema anakaza kwa kusikia mkono, tafuta mwingine, hata kama bei yake ni nusu, kwa sababu gasketi iliyokazwa hivyo huungua tena kabla ya msimu kuisha.

SWALI: Vitz yangu ya 2008 imeandikiwa mkanda wa taimingi na ufundi, 16,000. Ni bei nzuri? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Dada, hakuna bei nzuri ya kitu ambacho gari halina. Injini zote za Vitz ya mwaka huo, za 1.0, 1.3 na 1.5, zina mnyororo wa taimingi. Huenda fundi anamaanisha mkanda wa nje unaozungusha alternata na pampu ya maji. Huo ni mkanda mmoja, unaonekana ukifungua boneti, na kuubadilisha si kazi ya kufungua injini. Muulize auguse kwa kidole.

Walio na mkanda wa kweli wa taimingi ni wenye Subaru za injini za EJ na Toyota za dizeli kama 3L, 5L, 1KZ na 1HZ. Hao wasicheze na kilomita 100,000, na kwenye Subaru karatasi ya haki huwa na puli zake, tenshena na mara nyingi pampu ya maji pamoja, kwa kuwa ufundi wa kufika hapo ni ule ule. Mkanda wa EJ ukikatika, kwenye nyingi zake vali hugonga pistoni.

SWALI: Taa ya injini imewaka kwenye Premio yangu ya 1.5 na gari linatetemeka. Nimelipa 2,000 ya kompyuta, ikasoma P0301. Gereji inataka koili nne, plagi nne na kuosha injekta. – Mfanyabiashara, Bungoma

JIBU: Elfu mbili za kupima ni malipo halali ikiwa umepata jibu. Namba peke yake si jibu. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa koili (inayopeleka umeme kwenye plagi), plagi, injekta (inayonyunyiza mafuta), hewa inayoingia kando, au mgandamizo mdogo.

Jaribio la kutenganisha haya halina gharama. Koili ya silinda ya kwanza imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10 na soketi ya waya. Itoe, ibadilishane nafasi na ya silinda ya tatu, futa kumbukumbu ya kosa kwa kompyuta, endesha gari kilomita chache likiwa na mzigo. Kosa likigeuka P0303, koili ndiyo iliyohama na ugonjwa, nunua moja. Likibaki P0301, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo. Likikataa kuhama bado, ndipo injekta na mgandamizo viangaliwe. Ni dakika kumi na tano kwa kila hatua.

Ukitoa koili, chungulia shimo lake kwa tochi. Oili ikiwa imejaa humo, inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, na koili mpya itakayowekwa ndani ya oili hiyo itakufa pia. Hilo ndilo kosa tunaloliona likirudiwa zaidi kwenye magari haya: mtu anabadilisha koili mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya gasketi ya mpira.

Plagi ni sawa zibadilishwe zote nne pamoja ikiwa zimezeeka. Za iridiamu huenda hadi kilomita 100,000. Za kawaida mara nyingi ni 20,000 hadi 30,000. Angalia ulichotozwa ni kipi.

SWALI: Fundi wangu anataka nimtumie pesa za spea kwa M-Pesa anunue mwenyewe. Nikisema nitanunua mimi, ananuna. Nifanyeje? – Mama mwenye duka, Mumias

JIBU: Mama, kila upande una hoja. Fundi akinunua, spea isiyofaa ni mzigo wake kuirudisha, na dhamana ya kazi haigawanyiki. Ukinunua wewe, unajua bei, lakini spea ikiharibika fundi atasema ni ya kwako na duka litasema ilifungwa vibaya.

Njia tunayoipendelea ni ya katikati: fundi achague duka, wewe ulipe moja kwa moja kwenye till ya duka na risiti iandikwe namba ya gari lako. Kabla ya hapo chukua namba ya chesesi, ile inayoanza mathalani na NZE141, pigia maduka mawili ya spea, na uulize bei ya kitu kile kile kwa daraja tatu: jenuini, mbadala wa kampuni inayojulikana, na eksi-Japani, yaani iliyotumika kutoka Japani. Tofauti kati yake ni kubwa sana, na karatasi isiyosema ni daraja gani haiwezi kulinganishwa na nyingine. Ongezeko dogo la gereji juu ya bei ya duka ni la haki. Wamesafiri, wamebeba hatari. Likifika nusu ya bei, zungumza nao.

Eksi-Japani inafaa kwa milango, taa, vioo, hata alternata ikipimwa mbele yako. Usikubali kamwe pedi, mikanda, gasketi, pampu ya maji, thermostati au shoki zilizotumika. Maisha yake yamekwisha kuliwa na mtu mwingine, nawe unalipia ufundi mara mbili.

SWALI: Nilikubali 18,000 kubadilisha klachi ya Corolla 110. Gia boksi ilipotolewa nikapigiwa simu: flaiwili 9,000; beringi ya klachi 2,500; sili ya nyuma ya injini 1,500; oili ya gia 3,000; ufundi wa ziada 7,000. Sasa ni 41,000 na gari liko wazi. – Baba watoto, Kericho

JIBU: Pole, Baba. Nyongeza nyingine hapa ni za kweli, nyingine si za kweli, na zisichanganywe.

Sili ya nyuma ni ya kweli ikiwa kuna oili pale. Haifikiki bila kutoa gia boksi, na ukiiacha ikivuja itamwaga oili kwenye sahani mpya ya klachi. Ikubali, lakini omba picha ya oili ikiwa imetapakaa.

Beringi si ya kweli ikiwa ulinunuliwa seti kamili ya klachi, kwa sababu seti huwa na vitu vitatu: sahani, kifuniko cha klachi na beringi. Uliza sanduku. Oili ya gia ilipaswa kuwemo tangu mwanzo: shafti zikitolewa oili humwagika yenyewe, kila fundi anajua, na gia boksi hiyo huchukua takriban lita 2. Linganisha na ulizotozwa. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini linaloshikana na klachi, hununuliwa mpya kwa nadra. Yenye madoa ya buluu na mikwaruzo midogo hupelekwa kusawazishwa kwenye mashine, na ni ile yenye nyufa nzito tu ya kutupwa. Na ufundi wa ziada wa 7,000 hauna msingi. Saa nne hadi sita za kushusha na kupandisha gia boksi umeshazilipia. Kuongeza sili ni kufungua bolti za flaiwili na kuzikaza upya, kazi isiyofika saa moja.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu kutengeneza magari. Mteja anastahili makadirio kabla ya kazi, kazi ambayo hakuiidhinisha haifai kutozwa, na anaweza kudai arudishiwe spea za zamani. Kwa hivyo andika ujumbe leo, usipige simu: "Nimeidhinisha sili ya nyuma na oili ya gia. Flaiwili isawazishwe, nitumiwe picha kwanza. Beringi iwe ya kwenye seti. Ufundi ni ule tuliokubaliana, pamoja na saa moja ya sili." Ujumbe ulioandikwa una tarehe, na wakikataa kutoa gari baada ya kulipa ulichokubali, mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na unaweza kufika mwenyewe bila wakili. Gereji ikiongeza VAT ya asilimia 16, itoe risiti ya kodi. Isiyotoa risiti hiyo haina haki ya kuiongeza.

Jambo la mwisho ukienda kuchukua gari: omba sahani ya zamani ya klachi na uitazame upande wa kitambaa. Utaona vichwa vya ribiti vimezama. Pima kina kutoka juu ya kitambaa hadi kwenye kichwa cha ribiti. Kikiwa chini ya milimita 0.3, klachi ilikuwa imekwisha kweli. Kikiwa milimita moja na zaidi, kitambaa hakikuwa kimeisha: kama kimelowa oili, ile sili ndiyo iliyoifanya iteleze, kama ni kikavu, muulize fundi alipima nini kabla ya kushusha gia boksi, na kama klachi ilirekebishwa kwanza.